Dawa ni ya Mti

Mpuliziaji hakuwa na habari na majina ya watu. Mimi aliniita Cherehani. Kijana anayeleta maji kwa baiskeli alimwita Madumu, mwenyekiti wa kijiji alikuwa Muhuri, na mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na kalamu zake zote za mfukoni, alikuwa Chaki tu. "Jina ni la kuandika kaburini," alikuwa akisema. "Mtu mzima anayepumua anaitwa kwa kile anachoshika." Na kwa kuwa yeye, tangu nimjue, alishika bomba la kupulizia mikorosho, namwita hivyo hivyo alivyotufundisha. Sidhani kama atanikasirikia.

Mkewe, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Somoe, kwake yeye alikuwa Mwenye Nyumba. Hilo lilikuwa jina na lilikuwa utani. Huku kwetu Makote mwanamume akioa mara nyingi ndiye anayehama. Mpuliziaji alitoka Chiungutwa, upande wa Masasi, akaja kuishi kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe, na nyumba ile ya matofali ya kuchoma, hata kama matofali mengi aliyainua kwa mikono yake, ni ya upande wa kina mama. "Mimi mpangaji," alikuwa akisema mbele za watu. "Nikichelewesha kuni, natolewa." Mama Somoe naye angejibu kutoka jikoni, "Na kuni zenyewe umechelewesha!" Watu wakacheka. Walicheka miaka mingi, mpaka siku utani ule ulipogeuka kuwa kweli.

Cherehani yangu nimeiweka barazani kwetu, na baraza yetu inatazamana na mlango wao. Mimi nimesoma mpaka la saba, sikuendelea, lakini nina ndoto zangu. Nataka siku moja nishone gauni la bibi harusi ambalo mkia wake ukianzia Newala, mwisho wake unaonekana Masasi. Mpuliziaji ndiye mtu pekee aliyeisikia ndoto hiyo bila kucheka. Aliuliza tu, "Na vumbi la njiani, Cherehani, umelifikiria?"

Basi kwa kukaa pale, nikishona na kutazama, ndivyo nilivyomjua.

Msimu wa kupulizia ni wakati wa baridi, mikorosho inapoanza kuchipua na kutoa maua. Salfa inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ushike. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukiamshwa na mngurumo wa mashine yake kabla ya jogoo kumaliza maneno. Jua likipanda, anarudi. Nyusi za njano, masikio ya njano, kope za njano. Watoto wanamkimbilia wakiimba kwamba jua limeshuka linatembea kwa miguu. Naye anawakimbiza kwa mikono iliyonyooshwa, wanapiga kelele za raha. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua kwa ungaunga mweupe. Lakini kuna na dawa ya maji, ya kuua mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, na hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa sababu alisema inahitaji fundi. Salfa hata mjinga anapuliza.

Na ufundi wenyewe nitausema. Tundu la bomba likiziba, alilitia mdomoni akapuliza, fuu, likazibuka. Akatema, akaendelea. Puani alijifunga kipande cha kanga ya Mama Somoe. Kanga inanunuliwa doti, mbili kwa pamoja, na yeye alichukua moja ya doti aliyoipenda mkewe akaichana vipande vya kufunika pua. Mama Somoe alilalamika kila msimu: "Kanga yangu imekuwa mjane. Nikienda kwenye shughuli najifunga moja, begani sina." Mpuliziaji anajibu, "Mwenzake yuko kazini." Kazi ikiisha alikunywa maziwa ya pakiti, akiyapata, kwa sababu mafundi wote wanaamini maziwa yanakata sumu. Kuoga ilikuwa habari nyingine. Maji huku juu yanapandishwa kutoka mbali, na Madumu akichelewa, mtu ananawa uso na mikono, mwili unasubiri. Mpuliziaji alikaa na shati lile lile mpaka jioni. Harufu yake tuliizoea hata ikawa ndiyo harufu ya msimu, kama vile harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, inavyokuja baadaye.

Sasa sikilizeni kituko. Mtu huyu aliyeishi ndani ya dawa, dawa ya kumeza hakuitaka hata kuiona. Kichwa kikimuuma alijifunga kitambaa. Homa ikimpata alilala chini kwenye sakafu ya saruji mpaka ipite. Mara moja malaria ilimzidi, mkewe akamburuta zahanati, akapewa vidonge. Nyumbani kila siku Mama Somoe anampa kidonge na kikombe cha maji, anakunywa maji yote, anafungua mdomo aonekane, anasifiwa. Baadaye tukagundua vidonge vyote viko chini ya mkorosho wa nyuma ya choo, vimefukiwa vizuri kama mbegu. Alikuwa akivificha chini ya ulimi.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Dawa ni ya mti," akasema. "Mti hauna akili ya kuharibiwa. Mtu anayo."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Maneno yale yangekuja kunikumba tena baadaye.

Kuhusu miti lakini alikuwa na huruma ya ajabu. Akikuta kiota cha ndege anazima mashine, anazunguka mti ule kwa mbali. Aliuimbia mkorosho kwa Chimakonde, nyimbo za kubembeleza mtoto. Alisema mti uliozidishiwa dawa unalewa: majani yanajikunja, maua yanadondoka, haujui tena ni kiangazi au ni masika. "Unauona umesimama," alisema, "lakini mwenyewe hayumo." Alijua hivyo kuhusu mti. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu naye anaweza kusimama hivyo, yeye wala sisi.

Jambo la mwisho la tabia yake njema, kabla sijafika kwenye yale mengine, ni salamu. Shikamoo yake ilikuwa na masharti. Ukimtupia huku unapita, hakuitikia. Alisimama katikati ya njia akakusubiri. "Rudi. Hiyo umeitupa. Nipe mkononi." Unarudi, unapiga goti kidogo, unasema tena taratibu, ndipo anaitikia "Marahabaa" ndefu yenye mkia, mpaka unajisikia umevishwa nguo mpya. Hata wafanyabiashara wa korosho wanaokuja na magari walirudishwa. Mmoja wao, kijana wa miwani ya jua, alirudishwa mara mbili: ya kwanza kwa kutupa, ya pili kwa miwani.

Kwa hiyo siku aliponisalimia yeye, nilidhani ni mzaha.

Nilikuwa nimeinamia pindo la suruali ya shule. Akasimama mbele ya cherehani, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo."

Nikacheka. "Jamani, baba! Mimi ndiye wa kukuamkia."

Hakucheka. Macho yalikuwa yananitazama kama mtu anayesubiri kibali cha kupita. Jasho linamtiririka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mimi mwenyewe nimejifunga kitenge mabegani. Kope yake moja ilikuwa inachezacheza peke yake. Kisha akaondoka. Nikaendelea kushona.

Siwezi kusema mambo yalianza lini. Nadhani hata Mama Somoe hawezi. Majina alikuwa hayatumii tangu zamani, kwa hiyo hatukuweza kujua ni lini yalianza kumtoka. Tulichoona ni kidogo kidogo. Alipulizia shamba la jirani mara mbili na shamba lililofuata akaliruka, na mwenye shamba alipokuja kuuliza, alikatazwa kukanyaga kiwanja. Alimwambia Madumu anatia kitu kwenye maji. Alionekana amekaa chini ya mkorosho analia, bomba likiwa bado mgongoni. Na siku moja, mchana kweupe, mbaazi hazikukolea chumvi. Sahani ikaruka, na baada ya sahani, kofi shavuni kwa Mama Somoe.

Nilikiona kile kibao. Kilikuwa kimoja. Lakini mlio wake ulifika mpaka kwenye baraza yetu, na nadhani ulifika mpaka Makote nzima, kwa sababu mtu yule alikuwa anazima mashine kwa ajili ya kiota.

Maneno yakaanza.

"Uraka huo," alisema mama mmoja aliyeleta gauni lake nilipunguze. Uraka ni pombe ya mabibo.

"Uraka upi mama, na mabibo hayajakomaa?" nikamuuliza. "Sasa hivi mikorosho ina maua."

"Basi ametumwa."

Hilo ndilo neno lililoshika. Ametumwa. Kuna kitu kinamtuma. Wengine walisema ni jini, wengine walisema ni mtu wa kwao Chiungutwa aliyemwonea kijicho. Kila aliyepita barazani alikuwa na jina la anayemtuma.

Kaka zake Mama Somoe wakaitana. Mkubwa wao, mjomba wa Somoe, ndiye msemaji wa ukoo. Ni mtu mpole, ana duka la vipuri vya baiskeli Newala, akizungumza anakung'uta vidole kama vina mafuta. Walikaa uani kwa Mama Somoe mchana, na mimi nilikuwa nimepeleka kahawa.

"Dada," akasema, "shemeji yetu tunampenda. Lakini mtu aliyetumwa hakai kwenye nyumba ya watu. Arudi kwao, ndugu zake wamwangalie."

Mama Somoe akasema, "Kwao ni wapi? Mama yake alishakufa, nduguze wametawanyika. Kwao ni hapa."

"Hapa ni kwako."

Mpuliziaji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, inatetemeka. Nilimwangalia nikitumaini atasema ule utani wake wa mpangaji. Hakusema.

Mwishowe wakakubaliana nusu kwa nusu. Asirudishwe kwanza, ila asilale ndani. Akalale kwenye banda la nyuma mpaka watakapoona. Na akimpiga dada yao tena, siku hiyo hiyo apandishwe bodaboda hadi Chiungutwa, hakuna kikao kingine.

Banda la nyuma. Wote tulilijua. Ndimo yalimokaa mabomba, magunia ya salfa, na chupa za dawa ya maji, nyingine hazina vifuniko vizuri. Tulimtandikia mkeka humo humo. Mimi nilisaidia kufagia. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, maana kwetu kile kilikuwa chumba chake cha kazi, na tuliona ni heshima kumweka karibu na vitu vyake.

Akazidi kuharibika. Usingizi ukamkimbia, chakula hakikupita, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Kila alivyozidi, ndivyo watu walivyozidi kutikisa vichwa: si mliona, ametumwa.

Asubuhi moja Mama Somoe alipeleka uji, nikasikia kikombe kinaanguka. Nilikimbia. Mpuliziaji alikuwa amelala kiubavu, mate yanamtoka kama maji, machozi yanamtoka bila kulia, nyama za mikono na mapaja zinarukaruka chini ya ngozi. Mama Somoe akaniambia, "Twende wote. Mimi nikifika kwa wakubwa Kiswahili kinanikimbia." Tukapanda bodaboda mbili. Mpuliziaji kwenye ya mbele, katikati ya dereva na mkewe, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mkubwa. Mimi nyuma yao, nimeshikilia mfuko wa nguo, naomba Mungu vilima viishe.

Hospitalini tulipokelewa haraka. Daktari alikuwa dada mwembamba, koti jeupe limemzidi mabega, mimi nikaona palipotakiwa kupunguzwa. Aliuliza huku anapima.

"Mama, anakunywa pombe?"

"Mabibo bado," akasema Mama Somoe.

"Kazi yake?"

"Mkulima."

"Anatumia dawa yoyote?"

Mama Somoe karibu acheke, katika huzuni ile. "Dawa? Huyu? Hata ya kichwa hamezi, mwanangu. Muulize huyu jirani."

Nikathibitisha. "Dawa hatumii kabisa, dokta. Anaziogopa tangu zamani."

Daktari akaandika. Akachukua damu ya kupima malaria. Akamwambia muuguzi atafute dawa ya kumtuliza kwanza, kwa kuwa alikuwa anahangaika kitandani. Muuguzi akaja na kidonge kwenye kifuniko. Na hapo Mpuliziaji, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka neno lenye maana, akageuza kichwa akakitazama kile kidonge, akauliza kwa sauti nzito ya kazini:

"Hiyo ya ubwiri, au ya mbu?"

Muuguzi akacheka. "Ya kwako, baba."

"Mimi si mkorosho."

Daktari aliacha kuandika. Akarudi kitandani, akainama, akamfungua jicho kwa kidole, akamulika. Akamwita muuguzi naye atazame. Mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ufuta.

"Mama," akasema polepole, "huyu baba anapulizia mikorosho?"

"Ndiyo kazi yake. Mpuliziaji wa kijiji kizima."

"Dawa ya maji?"

"Na ya unga. Zote."

"Lakini nilikuuliza dawa..."

Mama Somoe akashangaa kabisa, mikono ikabaki hewani. "Uliuliza ya mtu. Ya miti hukuuliza."

Wote tukatazamana. Daktari akashika kipaji cha uso. "Na mimi kwa baba yangu kuna mikorosho," akasema, kama anajisemea. "Neno ni moja, nami limenipita."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kidonge kikarudishwa. Nguo zake zote zikavuliwa, zikatiwa kwenye mfuko na kufungwa, tukaambiwa tusizifue kwa mikono mitupu. Akaogeshwa kwa sabuni, kichwa mpaka unyayo, akasuuzwa, akaogeshwa tena. Mama Somoe alisimama mlangoni akitazama maji yale yanavyomwagika sakafuni, akaanza kulia. "Maji yote haya," akawa anasema. "Maji yote haya, kumbe ndiyo yalitakiwa." Kisha Mpuliziaji akachomwa sindano, na baada ya muda nyingine, na nyingine. Hizo hakuzikataa. Alipopata nguvu ya kusema alitueleza kwamba sindano si dawa, ni mwiba.

Siku iliyofuata daktari alikaa nasi kwenye benchi akatueleza. Nitayasema nilivyoyaelewa, kwa elimu yangu. Alisema mwilini kuna ujumbe unaopita kwenye mishipa ya fahamu: mkono, inuka, jicho, toa chozi, moyo, piga. Na kuna kitu kingine, ambacho kazi yake ni kusema basi, inatosha. Dawa ya maji inamuua mbu kwa kumziba mdomo huyo msema basi. Mbu anatetemeka mpaka anakufa, hakuna anayemwambia atulie. "Mtu naye ana huyo huyo msema basi," alisema. "Ndiyo maana mate hayaishi, jasho haliishi, nyama zinaruka. Na kichwani ni hivyo hivyo. Hasira inakuja, hakuna wa kuiambia basi. Huzuni nayo. Kumbukumbu zinapotea njiani. Amekuwa akiivuta kidogo kidogo miaka yote, kwa pua, kwa ngozi, kwa mdomo, halafu hizi wiki za karibuni amekuwa akilala nayo."

Mama Somoe akaniangalia. Tulikuwa tunawaza banda lile lile.

"Atapona?" nikauliza.

"Hii ya kutetemeka itapona. Ya kichwani, sehemu itarudi. Sehemu nyingine sitaki kukudanganya. Na siwezi kuapa kwamba kila alichofanya ni dawa. Lakini asiishike tena maisha yake yote."

Mpuliziaji alikuwa amelala, tukidhani amesinzia. Akafumbua macho.

"Koti," akamwita daktari. Nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu: ameshampa jina. "Koti, ile hasira haikuwa yangu?"

"Nyingi haikuwa yako, baba."

"Na kofi?"

Daktari akamgeukia Mama Somoe. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakageuza vichwa, maana wodi haina siri. Mama Somoe ndiye aliyejibu. Aliinua mkono wake, akaligusa shavu lake taratibu, palepale.

"Usimuulize daktari," akasema. "Kofi nililipata mimi. Hilo nitalijibu mimi, nikiwa tayari."

Tuliporudi, banda likatolewa kila kitu. Kaka zake wakaja tena. Mjomba wa Somoe alisikiliza maelezo yote, akikung'uta vidole, na uso wake ulionyesha kwamba suala la banda limemchoma. Lakini bado alikuwa kaka.

"Nimeelewa sumu," akasema. "Ila sumu haikuwa na mkono, dada. Mkono ulikuwa wake. Ukirudi tena?"

"Ndiyo maana sijamwambia aingie ndani," Mama Somoe akajibu. "Na sijamwambia aende. Atalala jikoni. Mnipe mpaka korosho ziishe. Namtazama."

"Sawa. Nyumba yako, mlango wako."

Basi akakaa jikoni, kile kibanda cha kupikia kilichojitenga na nyumba, msimu wote wa mavuno. Msema basi wake alianza kurudi, pole pole. Nilimwona siku mbaazi zilipokuwa hazina chumvi tena. Alishika sahani kwa nguvu, vidole vikawa vyeupe, akapumua, akaamka akaifuata chumvi mwenyewe. Mama Somoe alikuwa dirishani. Mimi nilikuwa barazani.

Haikuwa furaha tupu. Kijana mwingine alichukua kazi ya kupulizia, na mashine ikisikika mbali, mikono ya Mpuliziaji ilijiinua yenyewe kushika bomba ambalo halipo. Kuna siku alikuja kukaa karibu na cherehani yangu akanitazama nikipiga mshono mrefu, kisha akauliza nafanya nini. Nikamwambia. Baada ya muda akauliza tena. Nikamwambia tena, kwa sauti ile ile, kama sijaulizwa. Yule kijana mpuliziaji alipokuja kuniletea kitambaa cha pua nimshonee, Mpuliziaji alisimama, akamshika bega. "Mwanangu, likiziba tundu, tumia waya. Mdomo ni wa kusalimia." Halafu akasahau alichotaka kuongeza, akakaa.

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ni juzijuzi, korosho za mwisho zikiwa zimeshapelekwa mnadani. Nilikuwa nashona barazani, nimechangamka, nimepata kazi ya gauni la kipaimara, jeupe, lenye mkia mdogo. Mkia ni mkia. Mpuliziaji akapita na kifurushi. Kwa furaha yangu nikasema haraka haraka, "Shikamoo baba!" huku nimeuma pini.

Akasimama katikati ya njia.

"Rudi. Hiyo umeitupa."

Nilitema pini. Niliinuka, nikapiga goti, nikasema taratibu. Naye akaitikia, marahaba ndefu, yenye mkia kuliko wa gauni lolote nitakalowahi kushona. Nikageuka kufuta macho kwa kile kitambaa cheupe cha watu.

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na doti ya kanga, mpya, bado ngumu, nyekundu yenye korosho pembeni. "Nikatie, unipindie," akasema. "Safari hii zote mbili ni za kuvaa."

Nilikata katikati, nikaanza kupinda. Kwa utani nikamuuliza, "Hizi za nani, baba? Unataka kuoa?"

Nilitegemea jibu la haraka. Nikainua macho. Alikuwa anatafuta. Alitazama kanga, akatazama mlango ule wa ng'ambo, midomo ikasogea, ikarudi. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Nilitaka kumsaidia, nikasita. Mwishowe akasema:

"Za Mwenye Nyumba."

Nikacheka, kwa sababu ni utani wake wa zamani. Nikamtazama vizuri, nikaacha kucheka. Mpaka leo sijui kama siku ile alinitania, au kama ndilo jina pekee lililobaki.

Nilivuka naye. Mama Somoe alikuwa amekaa mlangoni anapepeta. Mpuliziaji akasimama mbali kidogo, pale ambapo kiwanja cha mbele kinaishia, kama alivyozoea tangu atolewe, akamnyooshea kanga kwa mikono miwili.

Mama Somoe akazipokea. Akazikunjua, akaona ni mbili, pindo zimekamilika. Akanitazama kwa jicho kali.

"Ni wewe?"

"Mimi nimepinda tu, mama."

Akamgeukia mumewe. Nilisikia sauti yake inajitahidi kuwa ya kawaida.

"Nani kakutuma?"

Mpuliziaji alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepitia chumba kizima kuona kama kuna mtu mwingine humo.

"Hakuna," akasema. "Nimejituma."

Mama Somoe akajifunga kanga moja kiunoni, pale pale, juu ya nguo za kazi. Ya pili akaitupia begani. Akauinua ungo, akasogea pembeni ya mlango, nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Karibu ndani," akasema. "Ila ukanawe kwanza. Maji yapo."